Wafiziotherapia tukiri tu: mgonjwa wa moyo tunamkwepa

#1 Goti_la_Pili (mleta uzi)
Wakuu, salamu.

Nina miaka 9 kwenye fani. Ukiniletea kiharusi naenda nacho bila wasiwasi. Mgongo, nyonga iliyobadilishwa, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, twende kazi. Wiki mbili zilizopita nimeletewa mama wa miaka 58, moyo umetanuka, EF 25 (yaani kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 25 tu ya damu iliyomo). Karatasi imeandikwa maneno mawili: "mazoezi tafadhali". Nimeikodolea macho ile karatasi kama nimepokea wito wa mahakama. Nikampima presha mara tatu. Nikamfundisha kupumua kwa tumbo, nikamchezesha vifundo vya miguu mara kumi kumi, nikamwambia tuonane tena baada ya wiki mbili. Alipotoka mlangoni, aliyeshusha pumzi ni mimi.

Nikamsimulia mwenzangu wa chumba cha pili, akacheka: "Na mimi huwa nawapa vifundo."

Kila siku tunalalamika kwamba madaktari hawatuletei wagonjwa ambao moyo umeshindwa kufanya kazi sawasawa. Mimi nasema hata wakiletwa tunawapa mazoezi ya kuzugia. Tunaogopa. Anayebisha aje.

#2 Mzee_wa_Korido
Sema "naogopa". "Tunaogopa" umetuomba ruhusa lini?

#3 Mwanagenzi
Mimi niko mafunzo kwa vitendo, nakiri kabla sijaulizwa. Chuoni kiharusi tulikaa nacho muhula mzima. Moyo tulipewa vipindi viwili, na kimoja mwalimu aliishia kwenye kuchora vyumba vinne na mishale. Sasa mtu ana EF 25, nianzie wapi? Nakaa hapa nisome.

#4 BetaBloka
@Goti_la_Pili hofu hiyo tumerithi, usijilaumu sana. Vitabu vilivyowafundisha walimu wetu vilisema moyo ukichoka, mgonjwa alale. Mwaka 1952 kule Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown walipoandika kwamba mgonjwa wa moyo kushindwa atolewe kitandani akalishwe kwenye kiti, ilionekana kama uasi. Miaka ya mwisho ya 1980 ndipo watu wakaanza kuthubutu kuwafanyisha mazoezi ya kweli. Utafiti wa Oxford uliochapishwa 1990 ulikuwa na wagonjwa 11 tu, wanaendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani kwao kwa wiki 8. Uwezo ukapanda.

Kilichokuja kuonekana ni kwamba shida kubwa iko kwenye msuli wa mguu. Moyo ukidhoofika muda mrefu, misuli nayo inabadilika: inakonda, vinu vya nishati ndani yake vinapungua, inachoka mapema na kulalamikia pumzi. Ndiyo maana utakuta mtu wa EF 25 anapanda ngazi, na wa EF 40 anahema akienda chooni. Hiyo namba haikuambii mtu atatembea umbali gani.

Halafu 2009 ukaja utafiti mkubwa wa mazoezi, HF-ACTION, wagonjwa 2,331, wote EF 35 kushuka chini. Mazoezi yakathibitika kupunguza vifo. Mjadala uliishia hapo, sisi ndio tumebaki na vifundo.

#5 Takwimu_Baridi
@BetaBloka nakuheshimu, lakini umechomekea mambo mawili.

Kwanza, wale wa Levine na Lown walikuwa wagonjwa wa shambulio la moyo, mshipa wa moyo umeziba. Wa moyo kushindwa walibaki kitandani miaka mingi zaidi.

Pili, HF-ACTION haikuthibitisha hivyo. Kipimo kikuu kilikuwa vifo na kulazwa kwa sababu yoyote, vikihesabiwa pamoja. Hesabu ya kwanza haikutoa tofauti ya kitakwimu. Tofauti ndogo ilijitokeza baada ya kurekebisha hesabu kwa ukali wa ugonjwa wa kila mtu, tena walikuwa wamepanga tangu mwanzo kurekebisha. Kilichosimama bila kupingwa ni kwamba mazoezi ni salama na watu waliishi vizuri zaidi. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima pamoja, majaribio 44, watu 5,783, yanasema hivyohivyo: kulazwa kunapungua, maisha yanakuwa bora, vifo ndani ya mwaka wa kwanza karibu havitikisiki.

Kwa hiyo ukienda kumwambia daktari "mazoezi yanaokoa maisha" akakuomba ushahidi, utarudi umeinamisha kichwa.

#6 BetaBloka
La Levine umenipata, nafuta. La HF-ACTION tukutane kwenye neno "ndogo". Mgonjwa mwenyewe haulizi vifo, anauliza lini atapanda ngazi.

#7 Stethoskopu
Mimi ni daktari, naomba nisipigwe mawe.

Mwaka huu nimeandika rufaa sita za moyo kwenda fiziotherapia. Nne zilirudi. Moja imeandikwa "hali haijatulia", nikaenda kuuliza, nikaambiwa presha yake ni 98 kwa 60. Jamani! Mtu anameza dawa tatu za moyo, zote zinashusha presha, na ndivyo tunavyotaka. Hana kizunguzungu, anaongea, anatania manesi. Kama mnasubiri 120 kwa 80 mtasubiri mpaka kiama. Msiseme hatuwaletei. Tulileta, mkarudisha, tukaacha. Daktari akirudishiwa karatasi mara nne, ya tano haandiki.

#8 Mzee_wa_Korido
Dokta, na zile mbili ambazo hazikurudi ziliandikwaje? "Mazoezi tafadhali"?

#9 Stethoskopu
😅 Moja ndiyo.

#10 Mzee_wa_Korido
Nilijua. Dawa unaandika miligramu, saa na siku. Mazoezi unaandika kama unaagiza soda. Niambie EF, dawa alizonazo, kama ana kile kifaa cha kushtua moyo kifuani na kimetegwa kushtua mapigo yakifika mangapi. Hilo la mwisho sijaandikiwa hata siku moja. Kifaa kikitegwa 160 na mimi nimpandishe mtu mpaka 158 kwa kutojua, moyo ukidunda haraka kidogo tu anapigwa shoti amekaa juu ya baiskeli, halafu atajibu nani? Inatakiwa nibaki chini angalau kwa mapigo 10, sasa chini ya nini?

#11 Nesi_wa_Zamu
Mnavyogombana na rufaa, mgonjwa yuko wodini siku ya sita analala tu. Dripu ya dawa ya kutoa maji mwilini inaingia, mkojo unapimwa, miguu inanywea, kila mtu anafurahi. Siku ya saba tunamwambia nenda nyumbani, anasimama, magoti yanagongana. Aliingia akitembea!

Fiziotherapia akipita wodini anasimama mguuni pa kitanda, anasoma "moyo" kwenye chati, anahamia kitanda kinachofuata. Nimeona kwa macho yangu.

#12 Takwimu_Baridi
@Nesi_wa_Zamu kuna utafiti wa Dallas, 1966. Vijana watano wenye afya, miaka 20, walilazwa kitandani wiki 3. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukashuka zaidi ya robo. Walitafutwa tena miaka 30 baadaye wakapimwa: miaka 30 ya uzee haikuwa imewashusha kama zile wiki 3. Na hao walikuwa na mioyo mizima.

#13 Mwanagenzi
Duh.

#14 Shuka_Ngazi
Mimi naona wote mnazunguka mbuyu. Naona watu 22 kwa siku, dakika ishirini kila mmoja, nikiwa peke yangu. Mgonjwa wa moyo anataka apashwe moto dakika 10 na zaidi, afanye kazi, kisha apoozwe dakika 10. Presha kabla, katikati, baada. Maswali ya uzito na mito ya kulalia. Hiyo ni saa nzima. Nikimpa saa nzima, watatu wa mgongo wanaanza kugonga mlango. Vifundo havitokani na hofu, vinatokana na saa ya ukutani.

Kipimo cha kutembea dakika sita nacho kinataka korido ya mita 30. Yangu ina mita 14, na mita mbili zimekaliwa na toroli la shuka.

#15 Mzee_wa_Korido
Korido! Sasa tumefika kwangu.

Mita 14 unapima, lakini ujue mgonjwa anageuka mara nyingi, na kila kugeuka kunamla hatua. Kwa hiyo usichukue namba yako ukailinganisha na ya korido ya mita 30. Mlinganishe na yeye mwenyewe, korido ileile, viatu vilevile. Akiongeza mita 30 hivi, hiyo ni nafuu anayoihisi mwenyewe. Na usitembee mbele yake, utamvuta. Wala usimshangilie kama yuko uwanjani, maneno ya kumtia moyo yamepangwa na yanasemwa kila dakika kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa na mwenzangu anapiga filimbi. FILIMBI. Mgonjwa alikuwa mwanajeshi mstaafu, alikimbia.

#16 Nesi_wa_Zamu
😂😂 Na toroli la shuka msiliguse, lina kazi yake.

#17 Moyo_Mkubwa
Wakuu, mimi si mtaalamu. Ni mgonjwa, EF 30, mwaka wa tatu sasa. Nimesoma kuanzia juu, naona mnajadili kama tunaogopa kufa kwenye baiskeli. Mimi nilichokuwa naogopa ni kamba za viatu.

Nikiinama, ndani ya nusu dakika pumzi inakata kabisa, kama kuna mtu amenikalia kifuani. Nikawa navaa kandambili kila mahali, watu wanadhani dharau. Hakuna daktari aliyeniuliza kuhusu viatu. Aliyeuliza ni dada mmoja wa fiziotherapia, kwa sababu aliona nimekuja mazoezini na kandambili. Akaniambia nikae, nipandishe mguu juu ya goti la pili, nifunge bila kuinama. Halafu akanyanyua simu akampigia daktari kwamba huyu akiinama anakosa pumzi, huenda maji yamerudi. Nikaongezewa dawa ya maji wiki hiyohiyo.

Baiskeli ilikuja baadaye. Dakika tatu siku ya kwanza. Nilitukana kimoyomoyo.

#18 Stethoskopu
@Moyo_Mkubwa alisoma vizuri huyo dada. Kukosa pumzi ukiinama ni dalili inayotambulika, tena sisi wenyewe mara nyingi tunasahau kuiuliza.

#19 Binti_wa_Mzee
Samahani kwa kuingilia. Baba yangu alipewa karatasi ya mazoezi, ina picha. Sisi watoto ndio tulioificha. Namaanisha, kaka aliitia kwenye droo. Baba alikuwa hanyanyui hata kikombe, tukimwona anasimama wote tunasimama. Tulidhani tunautunza moyo wake.

Mtaalamu alipogundua hakufanya kitu nyumbani alituita watatu tukae kwenye benchi. Akamwambia baba ainuke kwenye kiti bila kushika, akae, ainuke tena. Alifanya mara saba. Mara ya tano mama akaanza kulia. Mtaalamu akatuambia tu: "Hesabuni kwa sauti." Tukahesabu.

Kwa hiyo msisahau na sisi kwenye orodha ya wanaoogopa.

#20 Mwanagenzi
Hii imenigusa. Kwahiyo niongeze: mtaalamu, daktari, saa ya ukutani, na familia.

#21 Barua_ya_Onyo
Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu, ndiyo maana jina liko hivyo.

Mimi nilikuwa siogopi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mgonjwa wa moyo wa daraja la II, yaani dalili zake ni ndogo, anaendelea vizuri, wiki ya tano. Anaendesha baiskeli, anaongea, anasimulia mambo ya mjukuu wake. Simu ya ofisini ikalia. Nikamwambia "simama hapo hapo narudi". Akasimamisha miguu ghafla, akashuka, akasimama wima kuningojea. Nilimkuta sakafuni.

Alizinduka ndani ya dakika, moyo wake haukuwa na tatizo jipya. Mishipa ya miguu ilikuwa imefunguka kwa mazoezi, dawa ya maji na ya presha ziko ndani, miguu imeacha kusukuma damu kurudi juu, damu ikabaki chini. Kosa langu asilimia mia. Dakika 10 za kupooza mwili zingetosha.

Niliandikiwa barua. Hiyo nilistahili. Lakini idara nzima iliambiwa wagonjwa wa moyo basi, na kwa miaka miwili hakuingia hata mmoja. Hakuna aliyeuliza hao wa miaka miwili walipata nini huko majumbani. @Goti_la_Pili unasema tunaogopa moyo. Mimi naogopa barua. Mgonjwa akidhoofika taratibu kwa kukaa, haiandikwi barua kwa mtu yeyote.

#22 Shuka_Ngazi
Pole mkuu. Sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili.

#23 BetaBloka
Pole sana.

Mimi bado nashikilia kwamba elimu ikiwepo, barua zinapungua. Na masharti yanayotuzunguka nayo yanatulea hofu. Mfumo wa bima ya serikali ya Marekani, Medicare, tangu 2014 unalipia tu wenye EF 35 kushuka, wametulia kwenye dawa wiki 6. Kwa hiyo wiki 6 ndiyo mpaka wa usalama, kabla ya hapo usiguse.

#24 Takwimu_Baridi
Hapana bwana. Ule ni mpaka wa malipo. Masharti yalichukuliwa karibu vilevile yalivyokuwa kwa washiriki wa HF-ACTION, kwa hiyo wenye EF nzuri lakini moyo mgumu usiolegea kupokea damu waliachwa nje, na wengi wao ni wazee wa kike.

Utafiti wa REHAB-HF wa 2021 ulianza na watu wangali wodini au wametoka tu. Wagonjwa 349, wote miaka 60 na zaidi. Hawakuanza na baiskeli. Walianza na kusimama, kushika usawa wa mwili bila kuyumba, kuinuka kwenye kiti, kutembea. Utendaji wa mwili uliimarika wazi. Kurudi hospitali hakukupungua kwa kiwango cha kujivunia, nalisema mapema kabla BetaBloka hajaliongezea chumvi.

#25 BetaBloka
Chumvi kwa wagonjwa wa moyo hairuhusiwi.

#26 Nesi_wa_Zamu
😂 Umejitetea vizuri. Na @Takwimu_Baridi asante, kesho naiprinti hiyo habari ya wodini nambandikie yule wa mguuni pa kitanda.

#27 Tairi_la_Akiba
Nyie mnaongelea kuwaanzisha, mimi naongelea kuwabakisha. Wangu wanaanza kumi, wiki ya sita wamebaki wanne. Nauli, mvua, uchovu, huzuni. Wengi wa hawa watu wana sonona kabisa na hakuna anayewapima. Hata HF-ACTION walipewa vyombo vya mazoezi nyumbani na bado wengi hawakufikisha dakika walizopangiwa. Kwa hiyo hata kesho hofu ikiisha yote, baiskeli zitakaa tupu.

#28 Moyo_Mkubwa
@Tairi_la_Akiba uliwahi kuwapigia simu hao sita? Siulizi kwa ubaya. Mimi niliacha wiki ya nne, nikapigiwa, nikarudi. Hakuniuliza kwa nini nimeacha. Aliniuliza viatu.

#29 Tairi_la_Akiba
Sijawahi.

#30 BetaBloka
Kuna njia ya kufuatwa nyumbani pia. Uingereza walifanya utafiti wa REACH-HF, wagonjwa 216, wiki 12, nyumbani, na mlezi wa mgonjwa ana kitabu chake. Hali ya maisha ilipanda ukilinganisha na wasiopewa. @Binti_wa_Mzee hiyo sehemu ya mlezi ingewafaa.

#31 Mzee_wa_Korido
Haya, tumsaidie mleta uzi, mama wa watu anarudi wiki hii.

Goti, kabla hajagusa chochote muulize: uzito. Kama umepanda kilo 2 ndani ya siku 3, leo hakuna mazoezi, leo ni daktari. Analalia mito mingapi ili apate pumzi, na juzi ilikuwa mingapi. Kifundo, badala ya kukichezesha, kibonyeze uone kama shimo linabaki. Halafu mtembeze. Usifuate mapigo ya moyo, beta bloka (dawa za kupunguza kasi ya moyo) zinayashika. Kipimo cha Borg, namba ambayo mgonjwa anataja kwa jinsi anavyosikia ugumu wa kazi, kilianzia 6 mpaka 20 kwa sababu kwa kijana mzima ukizidisha mara kumi unapata mapigo yake, ila kwa huyu mama hesabu hiyo imekufa. Muulize anasikiaje: 11 mpaka 13 inatosha kuanzia. Aweze kuongea sentensi nzima. Akiweza kuimba, mwongeze. Akijibu neno moja moja, mpunguze. Asibane pumzi akiinuka. Asilazwe chali. Na simu ya ofisini ilie tu.

#32 Barua_ya_Onyo
Ilie tu.

#33 Mwanagenzi
Nimeyanakili yote. Swali: kiti cha kuinukia kiwe urefu gani? Chetu ni kile cha plastiki, kinateleza.

#34 Shuka_Ngazi
Kiegemeze ukutani. Sentimita 43 hivi. Ila usianze mada ya viti humu, tutakesha.

#35 Takwimu_Baridi
Swali zuri kuliko yote ya leo, na mnamfunga mdomo.

#36 Stethoskopu
Kwa faida ya waliofika mwishoni: mwongozo wa Ulaya wa 2021 umeyaweka mazoezi daraja la juu kabisa. Wa Marekani wa 2022 umeyapa mazoezi daraja la 1, lakini programu kamili ya utengamao wa moyo ikapewa 2a, hatua moja chini. Tafsiri mnayoitaka mtajipa wenyewe. Rufaa zangu nimeanza kuandika kifaa kimetegwa mangapi.

#37 Mzee_wa_Korido
Dokta, tunakupenda ghafla.

#38 Goti_la_Pili (mleta uzi)
Wakuu, mrejesho. Mama alikuja leo asubuhi. Uzito uleule, mito miwili kama kawaida, kifundo hakibonyei. Nikamtembeza dakika sita. Alisimama mara moja, dakika ya nne, akaegemea ukuta, akaendelea mwenyewe bila mimi kusema kitu. Mita 214. Borg akasema 13, halafu akasema "labda 12, nilitia chumvi".

Mikono ilikuwa inanitetemeka nikiandika. Siwezi kusema hofu imeisha. Bado sijui nitampa nani kati ya wale wa mgongo dakika ishirini zake, na bosi wangu sijamwambia.

Alipokuwa anavaa viatu (alikaa, akapandisha mguu juu ya goti, @Moyo_Mkubwa asante) akaniuliza: "Na vile vifundo, mwanangu, niendelee navyo? Maana nilikuwa navifanya kila siku, mara tatu."

#39 Nesi_wa_Zamu
😭

#40 Mzee_wa_Korido
Korido ya mita ngapi?

#41 Goti_la_Pili (mleta uzi)
Ishirini. Toroli nililihamisha mwenyewe.